Kichwa cha Bongim

Kwa miaka thelathini na moja hakuna mkono uliogusa nywele za Bongim isipokuwa mkono wa Malsun. Kila baada ya miezi mitatu, kazi ya shamba ikipungua, Bongim aliingia saluni na buti zake za mpira zenye tope, akakaa kwenye kiti cha dirishani bila kukaribishwa, akasema, "Nisokote hasa, Mama Gyutae. Nataka zikae mpaka mavuno." Malsun alimsokota kwa rola nyembamba kuliko zote, akampaka dawa ile inayowasha pua, akamvisha kofia ya nailoni. Kisha walikaa wawili wakimenya vitunguu saumu na kunywa kahawa ya pakiti, wakisengenya nusu ya mji. Bongim alitoka hapo na kalikiti ngumu, sawa na ya kila mwanamke wa Namsil aliyevuka hamsini. Ukiwakuta wamekupa mgongo kwenye foleni ya benki, humjui nani ni nani.

Malsun alifiwa na mumewe wakati mwanawe Gyutae akiwa na miaka sita. Siku tatu za msiba ule, aliyesimama jikoni kuwapikia waombolezaji alikuwa Bongim, na aliyewakokota wanawake wa mashambani mmoja mmoja mpaka kwenye kiti cha mjane huyu, saluni ikasimama imara, alikuwa Bongim yule yule. Alimzidi Malsun miaka miwili, kwa hiyo Malsun alimwita dada, na wala halikuwa jina la adabu tupu.

Namsil ni mji mdogo wa Gyeongsang, Korea Kusini, mji wa matikiti ya manjano na wa kura za upande mmoja. Chama ni kile kile tangu enzi za babu. Ukimuuliza mtu sababu, atakutazama kama umemuuliza kwa nini anakula wali. Hata saluni ya Malsun ilikuwa na picha ya rais iliyokatwa kwenye kalenda. Basi kiangazi cha mwaka 2016, serikali hiyo hiyo ilipotangaza kwamba mtambo wa Kimarekani wa kudungua makombora ya Korea Kaskazini utasimikwa kwenye kilima kilicho juu ya mashamba yao, bila hodi wala samahani, watu walihisi kama mtoto aliyetukanwa na mama yake mbele ya wageni.

Kaskazini wakatishia kukipiga kilima. Wachina wakang'aka kwamba mtambo unachungulia nyumbani kwao. Wamarekani wakasema ni salama kabisa, na wao walikuwa wanakaa mbali. Wakulima wakaogopa kwamba hakuna atakayenunua tena tikiti la Namsil, liwe limeunguzwa na mionzi ya mtambo au halikuunguzwa. "Nyangumi wakigombana, kamba ndiye anayevunjika mgongo," alisema Bongim kwenye kiti chake cha dirishani. "Na kamba mwenyewe ndiye aliyempigia nyangumi kura!"

Wanawake wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kichungu, kwa sababu ndivyo nchi nzima ilivyokuwa ikiwacheka. Kwenye mitandao waliandikiwa: si mlichagua wenyewe? Kuleni. Na kwenye televisheni wakubwa wa serikali walisema wenyeji wametulia, wanaopiga kelele ni watu wa kuletwa, wekundu wa kikomunisti, vibaraka wa Kaskazini. Bongim alilisikia neno hilo akaweka kikombe chini. Baba yake aliacha mguu mmoja vitani akipigana na hao Wakaskazini.

Kamati ya mji ikaamua kwamba siku ya sikukuu ya uhuru, katikati ya Agosti, watu mia moja watanyolewa vipara uwanjani. Kwa Wakorea kunyolewa hadharani si msiba wala si fasheni, ni kiapo. Nywele umepewa na wazazi, na ukizitoa mbele ya watu umetoa sehemu ya mwili. Malsun aliombwa alete mashine zake awanyoe wanawake.

"Utaninyoa mimi kwanza," Bongim akamwambia, "halafu mimi nitakunyoa wewe. Sijawahi kushika mashine, lakini kichwa chako kizuri, hata nikikiharibu kitapendeza."

"Dada, nikipata kipara nani ataniamini na nywele zake?"

"Watakuamini zaidi. Umewahi kumwona fundi viatu mwenye viatu vizima?"

Wakashikana mikono. Ahadi ikawa ahadi, na kamati ikayaandika majina yao kwa kufuatana, Bongim wa tisa, Malsun wa kumi.

Siku tatu kabla ya sikukuu, Gyutae alipiga simu kutoka Seoul. Alikuwa na miaka thelathini na nne, muuzaji katika duka la krimu za uso lililoishi kwa watalii wa Kichina. Posa yake ya kwanza ilikuwa imevunjika kwa sababu wazazi wa binti hawakutaka kijana aliyelelewa na mjane. Sasa alikuwa na Harim, na Jumapili baada ya sikukuu familia mbili zingekutana mezani kwa mara ya kwanza, mkutano ambao ukienda vibaya hakuna harusi.

"Mama, nakuomba kitu kimoja," alisema. "Baba yake Harim ni kanali mstaafu. Kila anayeupinga ule mtambo yeye humwita mwekundu. Nimesikia huko mnanyoana. Ukija Jumapili na kipara, mama, mimi nimekwisha."

"Nimempa dada Bongim neno langu."

"Nywele za Bongim zitaota. Mimi nikimkosa Harim sioi tena. Nakwambia."

Malsun akaihamishia simu sikio la pili. "Nimesikia," akasema.

Angemwambia Bongim palepale, mambo yangeishia hapo. Bongim angepiga makofi, angesema harusi kwanza, na angemtafutia yeye mwenyewe kisingizio cha kuipa kamati. Malsun alilijua hilo. Lakini kulisema ilikuwa lazima akiri kwamba ameogopa, na mtu akishakuwa na aibu hutafuta kona ya kujificha hata mahali ambapo hakuna anayemkimbiza. Alinyamaza siku ya kwanza, akanyamaza ya pili, na ya tatu ikawa sikukuu.

Uwanjani viti vilipangwa kwa mistari, jua likichoma, wazee wakipepea kwa vipande vya maboksi. Bongim alikaa akiwa amefunikwa shuka jeupe la kinyozi. Malsun aliiwasha mashine na kuipitisha kutoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni, na kalikiti aliyoisokota mwenyewe mwezi wa sita ikaanguka mapajani kwa Bongim. Kamera za televisheni zilikuwa zimesogea karibu. Bongim hakulia. Alitazama mbele na kusema kwa sauti yake ya shambani, "Sisi si watu wa kuletwa! Mimi nimezaliwa pale nyuma ya ghala!" Watu wakampigia makofi.

Kisha akasimama, akajipangusa shingo, akanyoosha mkono achukue mashine. Kiti cha kumi kilikuwa kitupu.

"Bado nina wanawake wengi, dada," Malsun akasema bila kumtazama. "Acha nimalize hawa, mimi niwe wa mwisho."

Alinyoa wanawake kumi na tisa. Alipomaliza wa kumi na tisa aliinua mashine, akaitikisa, akasema imeunguza mota. Haikuwa imeunguza chochote. Kidole chake gumba ndicho kilichokuwa kimeizima. Kinyozi wa pili alikuwa hatua nne kutoka pale na mashine yake ikinguruma, na kila mtu aliiona. Bongim aliitazama ile mashine, akamtazama Malsun, kipara chake kikiwa cheupe kama yai juu ya uso ulioungua jua.

"Haya," akasema. "Kesho basi."

Kesho yake Malsun alifunga saluni, akasema ana mafua.

Jumapili alikwenda Daegu, kwenye mkahawa wenye vyumba vya faragha, nywele zake zimesokotwa upya. Bwana Tak, baba yake Harim, alikuwa mtu wa mgongo ulionyooka, mpole, anayemmiminia kila mtu chai kabla ya kujimiminia mwenyewe. Laiti angekuwa mtu mbaya! Mkewe alimsifu Gyutae kwa adabu, akasema anaonekana kijana aliyelelewa na mikono iliyofanya kazi. Malsun alisikia machozi yanamlenga kwa furaha. Ndipo televisheni ya ukutani, waliyokuwa wameipunguza sauti, ikaleta habari za Namsil, na kichwa cha Bongim kikajaza kioo kizima.

"Mkwe, wewe si wa huko huko?" Bwana Tak aliuliza. "Huyu mama unamfahamu?"

Gyutae akashusha vijiti vyake vya kulia chakula. Harim akatazama meza. Malsun alikuwa na kipande cha samaki mdomoni, akakimeza kizima.

"Simfahamu," akasema.

Hilo lingetosha. Hakuna aliyemdai zaidi. Lakini mwongo mwoga haaminiki hata na nafsi yake, huongeza chumvi, na Malsun akaongeza. "Ni watu wa kuletwa hao. Wekundu. Sisi wenyeji tumetulia."

Bwana Tak akaitikia kwa kichwa, akasema ndivyo alivyofikiri. Mkewe akamwekea Malsun kipande kingine cha samaki kwenye bakuli. Harusi ikapangwa Novemba. Katika basi la kurudi Malsun alijificha uso kwa mkoba, maana alikuwa akijiona pale kwenye kioo cha dirisha na hakutaka kujiona.

Bongim hakuuliza kuhusu ile kesho. Alikuwa akipita mbele ya saluni na skafu kichwani, anapunga mkono, anasema, "Mafua yamepona?" na kuendelea na safari. Vuli ilipofika nywele zake zilikuwa zimeota nusu urefu wa kidole, zimesimama wima kama brashi, tena nyeupe zaidi kuliko watu walivyozijua. Malsun alimpelekea kadi ya harusi mkononi. Asingeweza kutomwalika. Mji mzima ungeuliza.

Asubuhi ya harusi majirani walikodi basi kwenda Seoul, na keki za mchele, ngisi wa kukausha na chupa za pombe ya soju vikapakiwa kabla ya watu. Malsun, ndani ya vazi lake la hariri ya bluu kama ilivyo kwa mama wa bwana harusi, alimvuta Bongim nyuma ya basi akamtolea mfuko. Ndani mlikuwa na wigi kutoka kabati la saluni.

"Vaa hii, dada. Ukumbini kuna baridi."

Bongim aliitoa, akaigeuza, akaichungulia ndani. "Unakiogopa kichwa changu, Mama Gyutae?"

"Hapana! Baridi tu."

"Basi nina kofia ya sufu." Akamrudishia wigi mikononi, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Ibada ya harusi ilipita vizuri. Kwenye chakula ndipo mambo yalipoiva. Ukumbi wa chini ulijaa mvuke wa supu ya mbavu za ng'ombe, watu wakitokwa jasho, na Bongim akaivua kofia yake. Bwana Tak alikuwa akizunguka meza kwa meza na mkewe kuwashukuru wageni, Malsun na Gyutae nyuma yao. Alipofika meza ya Namsil akainama, akainuka, akamkazia macho Bongim.

"Samahani, mama. Sura yako si ngeni kwangu. Si wewe uliyenyolewa kwenye televisheni?" Akamgeukia Malsun, hana ubaya wowote, mtu anayetaka tu kuelewa. "Mkwe, nilikuuliza siku ile, ukasema humfahamu yule mama, ni mwekundu wa kuletwa."

Vijiko vya meza nzima vilinyamaza. Walikuwapo pale wanawake sita walionyolewa na mkono wa Malsun. Bongim hakuwa amejua kwamba Malsun alimkana mpaka dakika ile, na uso wake ulibadilika, kwanza masikio, kisha shingo, vikawa vyekundu kweli kweli. Akamtazama Malsun. Hakuwa na hasira. Alikuwa akingoja.

Malsun alifungua mdomo. Alimwona Gyutae, koti lake jeusi, ua jeupe kifuani, amekuwa wa kijivu. Akaufunga.

"Mimi?" Bongim akasema, na kucheka kidogo. "Labda tumefanana, bwana. Mimi kiangazi chote nilikuwa hospitali. Saratani. Dawa zao zimenipukutisha nywele zote, hizi ndizo kwanza zinaota. Mama Gyutae ndiye aliyekuwa akiniuguza, Mungu amlipe. Hata ingekuwa mimi, angekwambia."

Mke wa Bwana Tak akamshika mikono yote miwili. Bwana Tak aliinama kwa heshima mpaka chini, akaomba radhi mara tatu. Wanawake sita wa Namsil wakarudi kwenye supu zao. Mbele ya wageni aibu ya mji hufunikwa na kila mwenye shuka, na Bongim alikuwa amelitandaza lake kubwa. Mtu mzima, mwenye afya ya ng'ombe wa kulimia, alijiitia saratani kwa mdomo wake mwenyewe siku ya harusi, kwa ajili ya mtu aliyemkana. Malsun alitamani Bongim amtukane.

Katika basi la kurudi watu waliimba na kucheza kwenye njia katikati ya viti. Malsun alikwenda kukaa karibu na Bongim.

"Dada, siku ile..."

"Leo ni harusi," Bongim akasema, akamtilia keki ya mchele mkononi. "Kula."

Hakumnunia. Afadhali angemnunia. Desemba walikaa ua mmoja na majirani wakipaka kabichi pilipili ya akiba ya majira ya baridi, na Bongim alimlisha jani la kwanza kwa mkono wake kama ilivyo desturi. Mama yake Harim alianza kutuma maboksi ya jinseng nyekundu, dawa ya kumtia nguvu mgonjwa, kila mwezi boksi moja, kwa anwani ya saluni. Malsun aliyabeba mpaka kwa Bongim akiwa ameinamisha kichwa, na Bongim aliyapokea. "Saratani hii inanipendeza," alisema. "Sijawahi kuwa na nguvu hivi." Malsun alicheka pale, akalia njiani.

Mtambo ulipandishwa kilimani majira ya kuchipua. Wachina walikasirika, watalii wao wakakoma kuja, na duka la krimu likampunguza Gyutae kazini. Bongim alisikia, akapeleka Seoul boksi la matikiti ya kwanza ya msimu, akaandika juu yake, kwa bibi harusi.

Aprili hiyo, siku ya mnada, Malsun alikuwa akifagia mlangoni basi la kutoka mji mkuu wa wilaya liliposimama. Bongim akashuka. Hakuwa na skafu. Kichwani alikuwa na kalikiti mpya, ndogo ndogo, ngumu, bado inanuka dawa. Kwenda huko ni mabasi mawili, na kurudi ni mengine mawili.

Malsun alibaki na ufagio. "Dada. Umesokotwa wapi?"

"Kuna binti mmoja nyuma ya soko. Anavuta mno, lakini atajifunza."

"Ningekusokota mimi." Akauegemeza ufagio ukutani. "Ninyoe sasa basi. Leo hii, hapa hapa mlangoni, watu wakiona. Ninyoe, dada."

Bongim alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kama tikiti limeiva.

"Ili iweje? Mtambo uko juu. Ukinyolewa leo watu watasema Mama Gyutae kapatwa na wazimu, na mimi nitalazimika kukutetea tena. Nimechoka kukutetea." Akabadilisha mfuko mkono. "Mambo mengine yote nimeyaacha. Kweli nimeyaacha. Lakini kukaa pale kwenye kiti, nimefumba macho, wewe umesimama nyuma yangu... siwezi. Nimejaribu kuja mara mbili. Nikifika kwenye nguzo ile ya umeme miguu inakataa."

Akaenda zake nyumbani.

Wiki iliyofuata mama yake Harim alipiga simu. Malsun alikuwa na wateja wawili chini ya kofia za nailoni, wote walinyolewa Agosti, wote walikuwa kwenye meza ile ya Seoul.

"Rafiki yako anaendeleaje, mkwe?"

"Anaendelea vizuri, mkwe. Asante kwa dawa."

"Na nywele?"

"Zimeota. Amezisokota."

"Oh, nimefurahi! Bila shaka ni kazi ya mikono yako."

Malsun aliwatazama wale wawili kwenye kioo. Walikuwa wakimenya vitunguu saumu, na visu vyao vilikuwa vimesimama.

"Ndiyo, mkwe," akasema. "Mimi mwenyewe."

Alipoweka simu, visu vikaanza kumenya tena. Mmoja wao akauliza kama dawa yake ya nywele haijakolea bado, maana imeanza kumwasha.